Bosi anataka wacheza shoo walipe mlangoni

Bosi wangu alikwenda Houston kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, akarudi na viatu, manukato na wazo. Viatu vimembana. Wazo ndilo lililonikalisha na kalkuleta usiku hata wateja walipokuwa wamekwisha kuondoka, maana mahesabu ya ukumbi yote yako kwangu.

Ukumbi wenyewe uko Sinza. Jina silitaji, bado naihitaji kazi. Ijumaa na Jumamosi kuna bendi. Alhamisi na Jumapili kuna DJ na wacheza shoo sita, wasichana wanne na wavulana wawili. Wanacheza wamevaa, nguo ni fupi, sikatai, lakini zipo. Kila mmoja analipwa 30,000 kwa usiku, anapewa chipsi kuku na maji, na chochote atakachotunzwa na wateja ni chake. Mishahara ikitoka wanatunzwa vizuri. Tarehe 15 wanacheza mbele ya meza tatu na wahudumu waliokunja mikono.

Huko Houston jamaa zake walimpeleka kwenye klabu ya wasichana wanaovua nguo. Sikumuuliza alitokaje harusini akafika huko. Alichorudi nacho ni hiki: "Mama Nuru, wale wasichana hawalipwi! Wao ndio wanamlipa mwenye klabu. Wakiingia wanalipa, wakitoka wanamgawia DJ na mabaunsa. Mwenye klabu kakaa tu." Akaniagiza nimwandalie mchanganuo: kuanzia mwezi ujao kila mcheza shoo alipe 20,000 mlangoni, DJ apewe 10,000, baunsa 5,000, kinachobaki mcheza shoo aondoke nacho.

Bosi wangu si mtu mbaya. Ana kodi ya eneo, ana luku ya mafriji manne, ana leseni. Ila yeye aliona ile klabu akiwa amekaa upande wa wateja, na mambo haya hayaonekani ukiwa umekaa huko.

Nina shoga yangu niliyesoma naye sekondari, yuko Marekani miaka mingi sasa. Kabla hajapata kazi ya kulea wazee aliwahi kuhudumia vinywaji kwenye klabu kama hiyo. Nikamwandikia, akanijibu kwa sauti, ndefu, huku anacheka. "Shoga, mwambie bosi wako amekula ndizi, maganda hajayaona."

Anavyoeleza, ile ada ya ukumbi haina bei moja. Anayeingia mapema, wateja hawajafika, analipa kidogo au halipi kabisa. Kadiri usiku unavyokwenda ada inapanda, na wikiendi inapanda zaidi. Usiku wa kawaida ni makumi ya dola. Usiku mkubwa kwenye jiji kubwa inapita 100, yaani kwetu kama laki mbili na nusu, na hapo mtu hajacheza hata wimbo mmoja. Akishaingia, mteja anayetaka kuchezewa peke yake analipa kwa wimbo, na klabu nyingi zinachukua sehemu ya hiyo nayo. Chumba cha pembeni cha wenye hela sehemu ya klabu ni kubwa zaidi. Mteja asiye na pesa taslimu ananunua vocha za klabu kwa kadi, akamtunza nazo mchezaji, na mchezaji akienda kuzibadilisha zikawe pesa anakatwa asilimia tena.

Halafu ndipo unakuja mgao. DJ ana chake, baunsa ana chake, wa kaunta ana chake, na kuna mama anayekaa chumba cha kubadilishia nguo na pini, pedi, gundi ya kope na dawa za kichwa, naye ana chake (huyo mimi ningempa bila kuombwa). Kwingine ni kiwango maalumu, kwingine ni asilimia ya ulichopata. Mgao huo unasemwa kuwa ni hiari. Sasa DJ asiporidhika anakuita jukwaani wakati wateja wametoka kuvuta sigara, au anakupigia wimbo ambao hata mama yako hawezi kuucheza. Na baunsa asiporidhika, mteja akikushika anachelewa kugeuka.

Hapo kwa baunsa niliirudia ile sauti. Kwetu baunsa analipwa na bosi, kwa hiyo msichana akishikwa baunsa anakuja kwa sababu ni kazi yake. Bosi alikuwa anataka tuiondoe kazi hiyo kwenye mshahara, tuiweke kwenye elfu tano ya msichana.

Kuna faini pia: za kuchelewa, za kuondoka kabla ya muda, za kukosa zamu ya jukwaani. Na mahali pengi usiku ukiwa mbaya ukashindwa kulipa ada, inaandikwa deni, ukirudi siku nyingine unaanzia chini ya sifuri.

Nikaanza kusoma. Klabu za huko huwaita wachezaji watu wanaojitegemea, kwamba wamekodi jukwaa tu, kama fundi anavyokodi fremu. Mahakama zimeliuliza swali hilo tena na tena. New York, mwaka 2013, jaji aliamua kwamba wachezaji wa klabu ya Rick's walikuwa waajiriwa: klabu iliwapangia bei ya kucheza, dola 20 kwa wimbo, iliwapangia mavazi na mwenendo, na iliwatoza faini. Klabu ikasema basi hizo dola 20 za wateja zihesabiwe kuwa ndio mshahara wao, jaji akakataa. Kesi ikaisha mwaka 2015 kwa klabu kukubali kulipa dola milioni 15. Hiyo namba niliiandika kwa kalamu nyekundu, maana namjua bosi wangu anasoma nini kwanza.

Jimbo la Washington nalo lilipitisha sheria mwaka 2024: ada isizidi dola 150, au asilimia 30 ya alichokusanya mchezaji kwa zamu ukiacha bakshishi, na kati ya hizo mbili inachukuliwa iliyo ndogo. Deni la usiku mbaya haliruhusiwi kubebwa kwenda usiku mwingine. Los Angeles, kwenye klabu iliyoitwa Star Garden, wachezaji walisimama nje na mabango kwa miezi mingi, na Mei 2023 wakajiunga na chama cha wafanyakazi cha waigizaji wa jukwaani. Kura zilikuwa 17 kwa 0. Shoga yangu hakuwa na habari na hilo, akanitumia alama ya moto.

Tuje kwenye kalkuleta. Kwa sasa tunalipa 180,000 kwa usiku, usiku nane kwa mwezi, 1,440,000. Kwa mpango wa bosi hatulipi hiyo, na tunapokea 120,000 kwa usiku, 960,000 kwa mwezi. Tofauti ni 2,400,000. Nilipoipata hata mimi nilikaa kimya kidogo. Luku yote inalipika hapo.

Lakini najua na upande wa pili, kwa sababu usiku ukiisha wacheza shoo wanakuja kaunta na noti zao za elfu moja na elfu mbili, zimelowa jasho, niwabadilishie ziwe kubwa. Kwa hiyo najua wanapata nini hata wasiponiambia. Mwisho wa mwezi msichana anayependwa anaondoka na 80,000, siku nyingine laki. Katikati ya mwezi 15,000, 20,000. Yule anayekaa Mbagala, saa tisa usiku bajaji inamtaka 20,000 na hapunguziwi. Weka sasa 20,000 ya mlango, 10,000 ya DJ, 5,000 ya baunsa na hiyo bajaji. Anatakiwa atunzwe 55,000 ndipo aione shilingi ya kwanza. Katikati ya mwezi atakuwa amecheza kwa muda wa saa nne akarudi nyumbani na hasara.

Na wateja kuja au kutokuja yeye anahusikaje? Bei ya bia anapanga bosi. Matangazo anaweka bosi. Kiyoyozi kimekufa tangu masika, na fundi anamngoja bosi. Mvua ikikata njia pale Jangwani, watu wa mjini hawavuki, na sisi tunabaki na majirani wanaokunywa soda moja mpaka saa sita. Mwezi wa Ramadhani hatufungui kabisa shoo mpaka Idi. Leo usiku mbovu unamuumiza bosi, na ndiyo maana usiku mbovu humfanya ahangaike: anampigia mc, anashusha bei ya ndoo ya bia, anatafuta msanii wa kuchangamsha. Akishapokea 120,000 mlangoni kabla muziki haujawashwa, atahangaika kwa ajili ya nani?

Tena kuna hili ambalo yeye hakuliona na sikupenda nilitaje kwa sauti, asije akalipenda. Sasa hivi tuna wacheza shoo sita kwa sababu wa saba ni 30,000 zaidi. Kila mchezaji akiwa analipa, wa saba ni 20,000 ya kuingia, wa kumi na tano pia. Shoga yangu amewaona wachezaji wengi kuliko wateja kwenye ukumbi mmoja, na meneja anatabasamu. Wanagombea noti zilezile.

Bosi ni mpenzi wa Msondo wa kufa. Nikamkumbusha kwamba bendi yake hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa na mshahara wa mwezi. Sikinde nao walichukuliwa na DDC mwaka 1983, shirika la jiji. Na hata bendi zetu za Ijumaa, ambazo hazina mshahara wa mtu, zinachukua kiingilio na sisi tunachukua bia. Mvua ikinyesha tunalia wote. Akasema, "Hizo zilikuwa enzi za Mwalimu." Sawa, lakini wiki iliyopita alikuwa anaziimba nyimbo zake kaunta.

Nikamwekea na sheria yetu, maana bosi anadhani kumwita mtu "anajitegemea" kunatosha. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, hata likiwepo moja tu kati ya mambo kadhaa: namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya maelekezo ya mwingine, ni sehemu ya shughuli ya taasisi, anategemea kipato cha huyo anayemfanyia kazi, anapewa vifaa. Sisi tunawapangia saa, tunawapangia nguo, sare za Krismasi tulishona sisi. Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo hairuhusu kumkata hovyo bila sheria au makubaliano ya maandishi. Mmoja akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mimi ndiye nitaitwa na daftari langu. Na daftari langu linasomeka.

Bosi alisoma karatasi yote, akarudi kwenye ile milioni 15, akauliza ni dola au shilingi. Kisha akaja na jingine: basi ada isiwepo, kila mmoja aache asilimia kumi ya anachotunzwa. Nikamuuliza nani atahesabu noti zilizobandikwa usoni mwa mtu anayecheza. Akasema tuwaite wenyewe.

Tuliwaita Alhamisi kabla ya shoo. Mkubwa wao, msichana ambaye amecheza na bendi mbili kubwa mjini hapa na hana muda wa maneno, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bosi, shikamoo. Asilimia kumi tunakupa. Na siku ambayo hatujatunzwa, wewe utatutunza asilimia ngapi?" DJ ndiye aliyecheka kwanza, na hakutakiwa kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amepangiwa elfu kumi.

Kwa hiyo 30,000 imebaki. DJ na baunsa wanalipwa na ukumbi kama zamani. Bosi amekubali kwa shingo upande, na mimi nimemkatia gharama kwingine, kwenye barafu tuliyokuwa tunanunua huku tuna mashine.

Ambalo halijaisha ni la Lipa Namba. Wateja wengi siku hizi hawana noti, wanamtunza mchezaji kwa simu, na namba iliyobandikwa ukutani ni ya ukumbi. Hela ya tuzo inaingia kwenye mauzo ya bia, mteja anaandika "ya yule wa nywele nyekundu," na mimi usiku wa manane natafuta ni nani alikuwa na nywele nyekundu kabla hajabadilisha wigi. Bosi amezoea kuiona kama ya kwake, kwa kuwa imeingia kwake. Wacheza shoo wanataka namba yao. Bosi anakubali namba ya pili iwepo, lakini isajiliwe kwa jina lake. Wao wanataka isajiliwe kwa jina langu. Mimi sitaki, kwa sababu kila Jumapili usiku nitakuwa nadaiwa na watu saba, wa saba akiwa bosi. Nimependekeza kila mmoja avae namba yake mkononi kama bangili, mteja atume mwenyewe. Baunsa anasema yeye pia anataka bangili.