Hesabu ya jioni

Alhamisi usiku

Saa mbili, magari yamekwama Uhuru Highway, Nairobi, na kati yake anapenya mtoto wa miaka tisa hivi na kikapu cha njugu. Wapita njia humwonea huruma kwa baridi. Mzigo mzito zaidi hauonekani: ni hesabu. Chukua paketi thelathini za shilingi kumi. Zimeuzwa kumi na nane, kwa hiyo pungufu ni shilingi 120, na nyumbani yupo anayezingoja.

Mvua, kanjo (askari wa jiji), vioo vya magari vilivyofungwa, hakuna hata kimoja anachoweza kukizuia. Lakini mtoto wa umri huo mara nyingi huona baya limetokana naye. Hasemi “biashara ilikuwa mbaya”, husema “mimi ni mbaya”. Hofu ya namna hiyo haiishi kikapu kikiwekwa chini.

Halafu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Akilala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, amepata sita tu. Darasani anasinzia, anaitwa mvivu, na sasa anadaiwa kwingine.

Si kila kazi inamuumiza mtoto, jamani. Kuchota maji au kumsaidia mama kibandani baada ya shule ni malezi.

Dalili za hofu ile huja kwa mlango wa nyuma: kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, tumbo linalouma bila daktari kuona kitu, kushtuka akiguswa bega. Inayonitia wasiwasi zaidi ndiyo inayosifiwa: yaya wa miaka kumi na minne anayeomba ruhusa hata ya kuketi. “Ana adabu,” wanasema wageni.

Ukimwona mtoto kama huyo, piga 116, simu ya msaada kwa watoto nchini Kenya; ni bure, usiku na mchana. Taja mahali, saa, nguo alizovaa. Ushahidi si kazi yako. Usimpige picha, wala usimfokee anayemtuma huku mtoto anasikia, maana atakayelipa usiku ni yeye. Ukizungumza naye, anza na “umekula saa ngapi?” Suala la nani kamtuma litakuja lenyewe.

Na akitolewa barabarani bila nyumba yao kupata njia nyingine ya unga, atarudi. Hata asiporudi, kwa muda atakula akiwaza wadogo zake wamekula nini. Ukikuta kipande cha mkate chini ya mto wake, usimwite mwizi.