Upasuaji wa kupunguza uzito: kabla hujauliza bei

Wengi huanza kwa kuuliza bei, kisha kilo ngapi zitapungua. Anza na kipimo. Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, halafu gawanya kilo zako kwa jibu unalopata: hiyo ndiyo BMI. Mtu wa mita 1.60 hufika 35 akiwa na kilo 90 hivi. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia BMI 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mwenye kilo 75 anayetaka kitambi kiishe kabla ya harusi, huu si wake.

Puto la kuwekwa tumboni nalo si upasuaji. Huingizwa kwa mdomo, likajazwa maji, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Wengi hurudisha kilo likishatoka.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kukata mfuko wa tumbo. Kama asilimia 80 yake hutolewa nje kabisa, ukabaki mrija mwembamba. Sehemu inayoondoka ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana hamu ya kula yenyewe hupoa. Hakuna kuurudishia. Mwenye kiungulia kikali afikirie mara mbili, kwani presha ndani ya mrija hupandisha asidi.

Huyo, na mwenye kisukari pia, mara nyingi hufaa zaidi baipasi: hubaki kifuko cha mililita 30 hivi kilichounganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila kugusa tumbo lililobaki. Sukari huanza kushuka siku za mwanzo tu, kabla kilo hazijaondoka, kwa hiyo dozi ya insulini ipangwe upya mapema. Juisi na soda huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa ziachwe moja kwa moja, na sigara pia, maana huchimba vidonda pale palipoungwa.

Wiki 2 kabla, wanga hupunguzwa sana ili ini lenye mafuta linywee. Ini hulalia tumbo. Likiwa kubwa, daktari anayepasua kwa kupitia matundu madogo hapati nafasi.

Baada ya hapo ni maisha mapya: protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, maji kando na chakula, vitamini, madini ya chuma na kalsiamu kila siku hadi mwisho wa maisha, na vipimo vya damu kila mwaka. Asiyeweza kuvinunua mfululizo asifanye, hata kama BMI inaruhusu. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi, kijiti au kitanzi ni salama kuliko vidonge.

Homa, maumivu ya tumbo au mapigo ya moyo zaidi ya 120 siku za mwanzo ni dalili za mshono kuvuja: rudi hospitali usiku huohuo. Na kutapika kwa siku kadhaa humaliza vitamini B1 mwilini. Dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya B1, ubongo unaweza kudhurika. Katika kituo chochote utakachofikia, sema umefanyiwa upasuaji huu na uombe B1 kabla dripu haijafunguliwa.