Gigabaiti 27 Chini ya Mkeka

Simu iliingia alfajiri. "Kaka, mfumo umegoma. Unasema diski imejaa." Nikiwa bado kitandani na usingizi, nikaingia kwenye seva, nikaandika df -h, amri inayoonyesha kila diski imejaa kiasi gani. Diski kuu, yenye gigabaiti 40, ilisoma asilimia 100. Niliweza kufanya kazi kwa sababu niliingia kama root, mtumiaji mkuu wa seva: ext4, mfumo unaopanga mafaili kwenye diski, kwa kawaida humtengea asilimia 5 ya nafasi, hivyo wengine wote wakikwama yeye ana pa kuandikia.

Kosa la kwanza nililiona upesi. Diski ya nakala za akiba haikuwemo kwenye orodha. Kwenye Linux diski haipewi herufi yake kama D: ya Windows. Hupachikwa kwenye folda, na kuanzia hapo ukiingia kwenye folda hiyo umeingia kwenye diski. Yangu ilipachikwa /mnt/akiba. Siku tatu nyuma tulikuwa tumeongeza diski nyingine, mpya na tupu, tukazima seva na kuiwasha. Mimi kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia seva ipachike diski zipi ikiwaka, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1, na majina hayo hugawiwa kufuatana na jinsi kernel, kiini cha Linux, inavyozikuta diski. Mgeni akachukua sdb, mwenyeji akasukumwa kuwa sdc. Halafu kwenye mstari huohuo nilikuwa nimeweka neno nofail, ili diski ikikosekana seva iwake tu. Ikawaka, kimya. Siku nilipoliandika neno lile nilijiona mjanja kweli.

Nikaipachika diski kwa mkono, nikaweka UUID, namba ya utambulisho isiyobadilika, kwenye fstab badala ya jina, nikarudi kwenye df nikijua kazi imekwisha. Asilimia 100 vilevile.

Hapo jasho likanitoka. du -xsh / ilihesabu mafaili yote ya diski kuu ikapata gigabaiti 11. df ilishikilia kwamba zimetumika 38. Nikashuku mafaili yaliyofutwa huku programu fulani bado imeyafungua, maana nafasi yake hairudi mpaka programu iyaachie. lsof, amri inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, haikuonyesha la maana. Nikarestati hifadhidata, bure. Nikafuta logi za zamani, nikapata megabaiti chache za kujifariji.

Baada ya kama saa mbili za kuhangaika, nikaamua kuiondoa diski ya akiba, kwa kukosa tu la kufanya. umount, amri ya kuiondoa, ikakataa, ikidai diski inatumika. Inatumiwa na nani? fuser, amri inayotaja anayeitumia, ikamtaja mtuhumiwa: mimi. Terminali yangu ya pili ilikuwa imekaa ndani ya folda ile tangu alfajiri. Nikaitoa kwa cd, nikajaribu tena, umount ikakubali. Kisha, kwa mazoea ya vidole, nikaandika ls -lh /mnt/akiba kuona kilichomo.

Folda iliyotakiwa kuwa tupu ilikuwa na mafaili matatu, yenye tarehe za siku tatu zilizopita. Mawili ya gigabaiti 10 kila moja. La tatu limekatikia kwenye 7.

Nilibaki nimeyakodolea macho. Skripti yangu ya kuandika nakala za akiba haikuwahi kuuliza kama diski ipo. Folda ilikuwepo, ikaandika, na bila diski folda ile ni sehemu ya diski kuu kama folda nyingine yoyote. Nami nilipoipachika diski juu yake, niliyafunika yale mafaili kama mkeka unavyofunika sarafu sakafuni. du ilipita juu ya mkeka. df ilipima sakafu nzima.

Nikayahamisha yale mawili mazima, la tatu nikalifuta. Folda ikiwa tupu nikaifunga kwa chattr +i, isiandikwe kitu diski isipokuwepo, na juu ya skripti nikaongeza mstari mmoja wa kuisimamisha kama diski haijapachikwa: mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1. Kisha nikaipachika diski upya na kumpigia yule dada aliyenipigia alfajiri kwamba mfumo umerudi.

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Diski ilijaa."

"Si ndivyo nilivyokwambia, kaka?"