Méharicourt, kwenye kaburi la Andrew Mynarski

Euro 60 kwa kilomita tatu! Ndivyo alivyonitajia dereva wa teksi kwenye simu, nami nimesimama peke yangu stesheni ya Rosières, kaskazini mwa Ufaransa, upepo wa Oktoba ukinichapa uso. Eti anatoka Amiens, kwa hiyo nimlipie na njia yake ya kuja. Chumba cha Amiens kilikuwa kimeshanikamua vya kutosha: kitanda chembamba, kipasha joto kimekufa, na chai ya asubuhi inalipiwa kando. Nikakata simu, nikashika njia kwa miguu.

Santerre, eneo lenyewe, ni tambarare tupu. Pande zote ni mashamba ya bitiruti za sukari, malundo yake yamepangwa kando ya barabara, na kila lori likipita linakurushia matope. Sijafika mbali, mzee mmoja akasimamisha gari lake la shamba. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akauliza, "Unakwenda kwa Mkanada?" Sikuwa nimetaja jina la mtu yeyote. Nikaingia.

Mimi Mynarski nilimjua kupitia ndege. Hamilton, Ontario, ninakoishi, kuna Lancaster, ndege ya mabomu ya vita vya pili vya dunia, moja kati ya mbili tu duniani zilizobaki zenye uwezo wa kuruka, nayo imeandikwa namba za ndege yake, KB726. Siku moja ilipita juu ya mtaa wetu mpaka madirisha yakatetemeka, nikaanza kuuliza huyo mtu alikuwa nani. Nilichoambiwa hakijanitoka.

Usiku wa kuamkia Juni 13, 1944, wiki moja tu baada ya majeshi ya Washirika kushuka pwani ya Normandy, ndege hiyo ilitoka Middleton St George, Uingereza, na watu saba, kwenda kupiga mabomu reli za Cambrai. Ndege ya Wajerumani ikawawahi. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukashika, rubani akaamuru watu waruke. Mynarski, mpiga rashasha wa mgongoni mwa ndege, alikuwa tayari anaelekea mlangoni alipomwona Pat Brophy, mpiga rashasha wa mkiani, amenaswa ndani ya kibanda chake cha bunduki, mitambo ya kukizungusha imekufa. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Akageuka. Akapita motoni kwa magoti, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono, nguo zake zikiwaka. Ni Brophy mwenyewe aliyempungia mkono kwamba basi, nenda. Mynarski akarudi nyuma, akasimama wima ndani ya ule moto, akampigia mwenzake saluti, ndipo akaruka, mwavuli wake ukiwaka pia. Wafaransa walimwona akishuka. Walimpata angali hai, lakini alikuwa ameungua mno.

Ndege ikaanguka na Brophy akiwa ndani, ikamtupa nje, akapona. Wote sita walipona. Aliyekufa ni yule mmoja aliyerudi, fundi wa ngozi kutoka Winnipeg, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi, miaka 27. Mwaka 1946 akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa sababu Brophy alikuwa hai kueleza alichokiona.

Makaburini mzee alivua kofia. Aling'oa majani mawili matatu kwenye lile jiwe jeupe, akanyoosha chungu cha maua kilichoinamishwa na upepo. Hakunisimulia lolote. Baadaye kidogo ndiyo akauliza, "Na wa kwenu, wamezikwa wapi?"

Nilimjibu: baharini. Februari 12 mwaka huohuo wa 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kaka yake babu alikuwemo. Kwetu Taita bibi zetu walimtaja kama mtu aliyekwenda Bama, yaani Burma, basi, na sisi watoto tulidhani Bama alifika. Hakuna aliyetusimulia dakika zake za mwisho, wala kama alikuwepo mtu aliyerudi kumshika mkono. Sikuona wivu pale Méharicourt. Niliumia kwamba Mkanada huyu namjua kwa saa na dakika, na damu yangu mwenyewe siijui hata sura.

Mzee alinirudisha stesheni akakataa pesa. Treni ya kurudi ilichelewa, kahawa Amiens ilikuwa ghali kuliko chakula, na usiku ule nilimpigia shangazi. Nikamweleza kwamba majina ya askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli ile yako kwenye mnara wa Makaburi ya Vita, Ngong Road, Nairobi. Amepita barabara hiyo kwa matatu miaka yote bila mtu kumwambia. Desemba nikija tutakwenda pamoja, na ameshaanza kuuliza wazee jina ambalo kaka yake babu aliandikishwa nalo jeshini.