Nyota si sawa na 1-31

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika maktaba ndogo ya msimbo, isiyotegemea maktaba nyingine yoyote, ambayo kazi yake ni kusoma ratiba ya kujirudia kwa mtindo wa cron, programu inayoendesha kazi za kompyuta kwa nyakati zilizopangwa, na kujibu swali moja tu: kuanzia wakati huu, zamu inayofuata ni lini? Mtindo wenyewe ni wa zamani, kwani cron ilikuwamo katika mfumo endeshi wa Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na sehemu zake tano zinajulikana: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki.

Kuisoma ratiba hakuna taabu kubwa. Kila sehemu hukatwa penye mkato, kila kipande hukaguliwa kama ni nyota (`*`, yaani kila thamani), namba, masafa kama 1-5 au hatua inayofuata mkwaju (`/2` ni kila thamani ya pili), kisha thamani zilizopatikana huwashwa kama biti, yaani tarakimu za 0 au 1, ndani ya namba moja kamili. Dakika ni 60, kwa hiyo zinaenea katika biti 64, na kuuliza kama dakika ya 35 imo ni tendo moja jepesi.

Kosa langu lilizaliwa hapo hapo. Niliigeuza nyota ya siku ya mwezi kuwa biti 31 zilizowashwa, nikaitupa nyota yenyewe. Sasa, katika cron aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987, ambayo kanuni zake zimerithiwa na wengi, siku ya mwezi na siku ya wiki zikiandikwa zote mbili bila nyota, inatosha moja itimie: `0 9 1 * 1` ni saa tatu asubuhi kila tarehe mosi, na pia kila Jumatatu. Mojawapo ikianza na nyota, sharti zote mbili zitimie. Maktaba yangu ilipopewa `0 9 * * 1`, iliona tarehe zote 31 na Jumatatu, ikatumia kanuni ya “au”, na kazi iliyokusudiwa Jumatatu peke yake ikaendeshwa kila siku.

Wazo la kwanza lilikuwa kukagua kama biti zote zimewashwa, na kama ndivyo kuihesabu sehemu hiyo kuwa nyota. Halitoshi. Sehemu `*/2` inaanza na nyota, kwa hiyo `0 9 */2 * 1` huchagua Jumatatu zinazoangukia tarehe witiri tu, ilhali `0 9 1-31/2 * 1` huchagua tarehe zote witiri pamoja na Jumatatu zote. Biti za ratiba hizo mbili hazitofautiani hata moja. Kichanganuzi, yaani sehemu ya maktaba inayoisoma ratiba, hakina budi kutunza, kando ya biti, alama inayosema kwamba mwandishi alianza na nyota. Nimeiongeza, na kila sehemu ya siku sasa inabeba alama yake.

Nyota hiyo hiyo ilinifuata hadi kwenye utafutaji. Ratiba ya tarehe 30 Februari haitimii kamwe, hivyo kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, kinachoruka mwezi, siku, saa na dakika kutafuta zamu inayofuata lazima kiwe na kikomo. Nilikuwa nimeweka miaka 8, kwa kuwa mwaka 2100 si mwaka mrefu na tarehe 29 Februari itatoka 2096 hadi 2104. Hesabu hiyo ni sahihi kwa tarehe peke yake. Lakini katika `0 0 29 2 */7` siku ya wiki ni Jumapili (inayohesabiwa 0 au 7) na imeanza na nyota, kwa hiyo tarehe na siku lazima zikutane, na Jumapili ya 29 Februari ya mwaka 2088 haifuatiwi na nyingine hadi 2128. Kikomo changu sasa ni miaka 40, na ratiba hiyo imo kwenye majaribio.