Mlima wa taa Gubbio, nimeuona kwa macho yangu

Wanaonijua hapa Malindi wanajua kazi yangu ni taa za harusi, nafunga zile za rangi kutoka paa hadi paa kichochoroni, na Maulidi yakikaribia nashinda juu ya ngazi. Kwa hivyo dadangu alipoolewa Italia na kuniita niende nikamtembelee Disemba, hakunitajia theluji wala nini, alinambia tu, "Njoo uone taa za wenzako."

Mji wenyewe waitwa Gubbio, uko mkoa wa Umbria, mji wa mawe wa zamani uliojibana ubavuni mwa mlima Ingino, vichochoro vyembamba kama vya Lamu ila huku kila kichochoro ni kupanda, magoti yananena. Tangu 1981 watu wa huko kila mwaka huugeuza mlima mzima kuwa mti wa Krismasi. Sisemi kuna mti umepambwa, la, mlima ndio mti. Wanatandaza taa mteremkoni kuanzia kuta za kale za mji mpaka juu, za kijani zachora umbo pembeni, za rangi zajaza katikati, kisha nyota kubwa kileleni. Urefu wake wapita mita 650, panga viwanja sita vya mpira kimoja mbele ya chengine uvisimamishe, na mwaka 1991 Guinness wakauandika kuwa mti mkubwa wa Krismasi kuliko yote duniani. 2011 Papa Benedict XVI aliuwasha akiwa Vatikani kwa kugusa tableti, shemeji bado anaihadithia kama ya jana.

Huwashwa tarehe 7 Disemba jioni. Tulisimama uwanjani tumebanana na watu, mimi nimevaa jaketi ya shemeji na glavu na leso ya mamangu nimejizungusha shingoni, pumzi yatoka moshi, mkononi nina castagne, zile kokwa zao za mtini, za kuchoma, zinanichoma vidole na sitaki kuziachia. Mlima mweusi tititi. Watu wakahesabu tre, due, uno, na mimi na Kiitaliano changu cha hotelini nikahesabu nao kwa sauti, mara mlima ukawaka. Sikusema kitu. Dadangu akaniangalia, naye akanyamaza.

Nikaanza maswali ya kifundi, waya kilomita ngapi, zaidi ya saba, taa ngapi, zaidi ya mia saba, sawa, na mwenye tenda ni nani? Shemeji akasema hakuna tenda. Ni watu wa mji wanajitolea tu, wengine wazee walokwisha staafu, yapata miezi mitatu wanapanda na kushuka msituni na waya mabegani, na sikukuu zikesha wanarudi kuvitoa vyote. Bila malipo! Mimi najua uzito wa roli moja la waya ukiwa ngazini, sasa lichukue hilo ulipandishe mlimani kwenye matope na baridi ile. Wallahi niliwaheshimu watu wale kuliko taa zenyewe.

Kesho yake nikaomba tupande juu, kuna kanisa la Sant'Ubaldo karibu na kilele na gari yafika. Nilitaka kuona joini, pale waya zinapounganishwa. Kwetu chumvi ya bahari haina huruma, shaba yageuka kijani baada ya miezi, na kuna harusi moja hapa mtaani nusu ya taa zilizima bibi harusi akiwa ndio anatoka, kisa joini moja iliyoingia maji, mpaka leo nikipita nyumba ile moyo wanishtuka. Basi nikashuka kidogo njiani na tochi ya simu nikaikuta taa moja imefungwa kwenye mti, kubwa kuliko nilivyodhani, waya umefungwa kwa nafasi na kuachwa ulegee kidogo chini ili maji yadondoke yasiingie. Hivyo hivyo ndivyo alivyonifunza marehemu babangu. Nikaishika ile waya kwa glavu, nikasimama pale.

Nikampigia mama video, kwetu ishafika saa mbili na nusu usiku. "Mti uko wapi mwanangu? Mimi naona globu moja na majani." Nikageuza simu huku, nikageuza kule, globu moja, nyengine mbali, na giza. Ukiwa ndani yake mti hauonekani. Mama akasema labda mtandao.

Nikamwambia asikate. Tukaingia garini, tukashuka, tukapita mji wote tukatoka hadi mashambani bondeni, mimi nimetoa mkono dirishani na simu vidole vimekufa ganzi, shemeji akaendesha pole pole na mama kila mara, "Bado… bado… naona nyumba… bado."

Halafu akanyamaza, kisha nikamsikia, "Subhanallah! Simama hapo hapo, usisogee, ngoja niwaite watoto wa jirani."

Tukasimama.