Siku Moja Maishani Mwangu: Kulingoja Ua la Mbuyu, Malindi

Saa tisa alasiri, wenzangu wa ofisini wanapokaribia kufunga kazi, mimi ndiyo kwanza natoka nyumbani kuelekea shamba moja njia ya Gede. Ua la mbuyu hufunguka jua likitua na hunyauka asubuhi, kwa hiyo anayelichunguza hana budi kufuata saa zake.

Saa kumi napanda ngazi na kuyavika matumba kumi vifuko vya wavu wenye matundu yanayopitisha nyuki lakini si popo. Mengine kumi nayafunga utepe tu, yabaki wazi kwa popo, nipate kulinganisha. Mwenye shamba ananiuliza, "Mwanangu, popo hawa si ndio wanaotumalizia maembe?" Namjibu, "Ndio hao, mzee wangu, na ndio wanaokupatia mabuyu unayoyauza sokoni."

Saa kumi na mbili na robo, adhana ya Magharibi ikisikika kwa mbali, tumba la kwanza linapasuka. Sepali, yaani vijani vinavyolifunika tumba, zinajikunja kurudi nyuma, na petali tano nyeupe, yaani vile vijani laini vya ua, zinajitokeza zikiwa na mikunjo kama shashi iliyokuwa imefumbatwa mkononi. Harufu yake ni nzito, yenye uchachu, wala haifanani na ya asumini, maana haikukusudiwa pua zetu. Ua lenyewe limening'inia kwa kikonyo kirefu chini ya matawi, mahali ambapo mnyama mwenye mabawa mapana hufika bila kuzuiwa na majani. Umbo hilo limechongwa na wageni wake, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin, alipoliona ua la okidi ya Madagaska lenye mrija wa mbochi (maji matamu ya ua) wa karibu sentimita 30, alisema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kadiri hiyo. Nondo huyo alikuja kupewa jina mwaka 1903. Kisiwani humo kuna aina sita za mibuyu ya asili, na baadhi yake huchavushwa na nondo, yaani nondo ndio huibebea chavua, ule unga wa kiume wa ua. Huu wetu umeelekea kwa popo.

Saa moja na nusu, kwenye mwanga mwekundu wa tochi yangu, popo mla matunda analikumbatia furushi la stameni, nyuzi za ua zenye chavua, analamba mbochi kwa sekunde chache, kisha anaondoka na kifua kilichojaa chavua. Safari hiyo ya kwenda mti mwingine ndiyo ninayoithamini kuliko yote, kwa kuwa mbuyu kwa kawaida hauzai vyema kwa chavua yake wenyewe. Baadaye anakuja komba, ambaye hunywa mbochi lakini pia hulitafuna ua. Namwandika katika safu yake.

Usiku wa manane wageni wanapungua, nami najinyoosha mkekani.

Saa kumi na mbili asubuhi petali zimeshakuwa za kahawia. Upepo umekivua kifuko kimoja, kwa hiyo ua lile nalifuta katika hesabu, ingawa roho inaniuma. Nawahi kuyaokota yaliyodondoka kabla mbuzi hawajafika, maana huyapenda mno, kisha nayafunga ndani ya karatasi, kila moja na namba ya tawi lake.